Bi Kitambaa na Diski Nne za Mzee Mnada

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Kitambaa kilikuwa hicho hicho kitambaa. Kilikuwa cha kijani kilichopauka, kimepindwa pembe zote kwa sindano ya mkono, na alikuwa amekitandaza juu ya kioo cha kompyuta yake. Kompyuta yenyewe ilikuwa kazini. Feni yake ilinguruma, taa yake ndogo ilikonyeza, na chini ya kitambaa mwanga ulibadilika, mara wa buluu, mara mwekundu, kana kwamba kulikuwa na watu wanapitapita humo ndani. Mwenye kompyuta alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani, akitazama ukuta.

Nilijiambia moyoni: huyu mama anaficha kitu.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo na nilikuwa nasubiri ajira ambayo haikuwa na haraka yoyote na mimi. Nilikodi upande wa mbele wa chumba chake nipate kuchapa barua na maombi ya kazi ya wenzangu. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao nyepesi ambao haukufika darini, pamoja na pazia badala ya mlango. Kwa hiyo nilisikia kila neno lililosemwa upande wa pili, na kwa kuwa pazia lilikuwa fupi, niliona pia viatu vya kila aliyesimama huko.

"Unatazama nini, Msomi?" aliniuliza siku ya pili aliponikuta nimekodolea macho kitambaa chake.

"Sitazami kitu, mama."

"Basi tuko sawa. Hata mimi sitazami kitu."

Ni vyema nieleze kazi yake, maana watu wengi waliipita bila kuielewa. Siku hizi kila mtu anarekodi kwa simu: arusi, mazishi, mahubiri, mtoto anayeanza kutembea. Lakini katika nyumba nyingi za mtaa wetu wazee bado wanatumia televisheni iliyounganishwa na deki, na deki haielewi lugha ya simu. Bi Kitambaa aliichukua video, akaigeuza kuwa ya aina inayosomeka na deki. Ikiwa ndefu kupita uwezo wa diski moja, aliikata vipande. Kisha aliichoma kwenye diski, yaani aliiandika humo kwa mwanga. Nje ya mlango, kwa rangi nyekundu, alikuwa ameandika hivi: TUNAGEUZA, TUNAKATA, TUNACHOMA. Katika mwezi wangu wa kwanza watu wawili waliingia kuulizia kuku.

Wengine, wale waliojua kwamba si bucha wala si jikoni, waliingia na wasiwasi mwingine.

"Mama, mimi sitaki igeuzwe," mzee mmoja alimwambia huku ameifumbata flashi yake kama pete ya ndoa. "Nataka ibaki vile vile ilivyo."

"Nageuza chombo, baba, sigeuzi maneno. Ukimimina maji ya ndoo kwenye chupa, yanakuwa soda?"

"Kwa watu wa siku hizi, yanaweza."

Zamani, kabla ya kompyuta, Bi Kitambaa alikuwa mpokea simu katika ofisi ya kuunganisha laini. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu miaka kumi na tisa, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale. Siku aliyoajiriwa, msimamizi wake alimwambia kwamba mpokea simu ana ruhusa ya kusikia neno moja tu, nalo ni "halo". Linalofuata si lake. Mwenzake wa kiti cha jirani hakushika agizo hilo. Alisikiliza, akasimulia, na ndoa ya watu ikavunjika wakati wa chakula cha mchana. Bi Kitambaa hakusahau. Ndiyo maana, kila alipoanza kugeuza video ya mtu, alizima sauti na kufunika kioo. Ukutani alikuwa amebandika karatasi: BAADA YA SIKU TATU NAFUTA. USINIULIZE.

"Watu hawaniamini kwa sababu najua," alinieleza. "Wananiamini kwa sababu sijui."

Maelezo hayo yalikuwa mazuri, lakini mimi sikuyameza. Nilisoma chuoni kwamba anayesema sana kuhusu uaminifu wake ni wa kuchunguzwa. Nilianza kumchunguza.

Jumatatu moja alikuja mwanamume mwenye viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi mpaka kwenye nyuzi. Mtaani aliitwa Mjomba Mizani, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alikuwa mpima mizigo kwenye ghala la nafaka. Alikuwa na tabia ya kusema "nimeelewa" kabla hujafika katikati ya sentensi.

"Shemeji yangu, Mzee Mnada," alisema. "Unamjua?"

Nani asiyemjua? Mzee huyo alikuwa dalali wa mnada. Sauti yake iliuza makabati, baiskeli, ng'ombe na hata majeneza. Ilisikika kutoka sokoni mpaka shuleni, na walimu walifunga madirisha. Kisha koo likashikwa na ugonjwa. Mkewe alikuwa amefariki zamani, akamwachia mabinti wawili, na wote wawili walikuwa watu wazima wenye nyumba zao. Daktari alitaka kupasua. Binti mdogo alikataa katakata. Yule wa kwanza, aliyeitwa Dada Mkubwa, akatia saini karatasi ya kuruhusu. Mzee alipona, ila sauti haikurudi. Tangu siku hiyo mabinti hao hawakukaa chumba kimoja, na baba yao alizungumza kwa kibao cheusi na chaki, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mchana wa siku moja kabla ya upasuaji," Mjomba Mizani aliendelea, "alinishika mkono akaniambia nimrekodi kwa simu yangu. Anasema na watoto wake. Saa mbili na dakika arobaini."

"Dakika arobaini zingetosha," Bi Kitambaa alisema.

"Kwa dalali? Dakika arobaini alikuwa bado anasafisha koo."

Nilimsikia Bi Kitambaa akicheka, kisha akaingia kazini. Alimweleza kwamba video hiyo, kwa picha safi, haiingii kwenye diski moja. Kuna njia mbili: aibane mpaka iingie, au aikate iwe diski mbili. "Nikiibana sana, uso wa mzee unakuwa vigae vigae. Hutajua kama analia au anatabasamu."

"Kata. Mabinti wanataka kumwona baba yao."

"Nakala ngapi?"

"Kila mmoja na yake. Huwezi kuwaambia wale waazimane. Hata chumvi hawaazimani."

Kitambaa kikashuka juu ya kioo, feni ikanguruma. Jumatano Mjomba Mizani alirudi kuchukua diski nne. Nilimwona Bi Kitambaa, kupitia upenyo wa pazia, akiandika juu ya kila diski kwa kalamu nene, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo.

"Ni seti mbili, Mjomba. Kila binti apate seti yake, na..."

"Nimeelewa, nimeelewa."

"...aanze na..."

"Mama, nimepima magunia miaka thelathini. Diski nne zitanishinda?"

Akaondoka nazo. Kesho yake, na hapa naomba msomaji aweke alama, saa nane mchana, wakati mtaa umelala kwa joto, binti mdogo wa Mzee Mnada aliingia kupitia mlango wa nyuma. Niliona viatu vyake tu, vyeupe, na ncha ya kitu kilichofungwa kwenye shuka.

"Umeonwa na mtu, mtoto wa Mnada?" Bi Kitambaa alimwuliza.

"Sidhani. Tafadhali, mama. Dada asijue kabisa."

"Kwangu hakuna anayejua kitu. Weka pale nyuma."

Nilikaa na barua ya mtu mkononi nusu saa nzima bila kuchapa hata herufi moja.

Dada Mkubwa alikuja Jumatatu iliyofuata. Hakupiga hodi. Alipita mezani kwangu, akavuta pazia mpaka pete moja ikakatika, akasimama mbele ya kompyuta iliyofunikwa.

"Wewe ndiye Bi Kitambaa?"

"Ndivyo wanavyoniita nikiwa sipo. Karibu ukae, mwanangu."

"Sikai. Nani alikutuma unikatie maneno ya baba yangu?"

Hata feni niliona imepunguza kelele.

"Hakuna aliyenituma. Kaa, unieleze polepole."

Dada Mkubwa alikuwa karani wa mapokezi hospitalini, mwanamke wa kupanga maneno kwa foleni. Aliyapanga. Alitazama diski ya kwanza Jumatano jioni, peke yake, mlango umefungwa. Baba alikohoa, akasalimu, akasimulia minada yake, akamkumbuka mama yao. Kisha akavua kofia, akatazama simu sawasawa, akasema: "Sasa nakuja kwako, mwanangu wa kwanza. Kuhusu ile karatasi uliyotia saini, nataka ujue kwamba mimi..."

"Kwamba yeye nini?" Bi Kitambaa aliuliza, kisha akajifunika mdomo, kwa sababu hilo lilikuwa swali ambalo kwa miaka yote hakuwahi kumwuliza mteja.

"Ndiyo nimekuja kukuuliza wewe! Hapo hapo picha ikaisha. Nikasema sawa, yatakuwa kwenye diski ya pili. Naweka ya pili, baba anakohoa upya. Anasalimu upya. Nimekaa tena karibu saa mbili, nimefika pale pale. 'Nataka ujue kwamba mimi.' Basi. Pale pale, mama! Hata kisu hakilengi hivyo."

"Mwulize mzee mwenyewe, si anaandika?"

"Nimemwuliza. Aliandika neno moja: NILISHASEMA. Nikamsihi. Akafuta, akaandika: SAUTI YANGU IKO MLE. SITAKI KUIANDIKA." Hapo sauti ya Dada Mkubwa ilipungua. "Mimi ndiye niliyetia saini. Nataka kumsikia. Kama ananilaumu, anilaumu kwa sauti ile ile iliyouza ng'ombe."

Sasa nilielewa kilichokuwa mezani. Jumatano, kabla hajatoka, Mjomba Mizani alisema simu yake imejaa, akafuta video pale pale. Bi Kitambaa alikuwa amefuta kwake siku ya tatu, kama ukuta wake ulivyoahidi. Kama maneno yale hayamo kwenye diski, basi hayapo tena duniani.

"Mwanangu, mimi sitazami," Bi Kitambaa alisema. "Sikuona wala sikusikia."

"Hutazami? Basi ulijuaje pa kukata?"

"Mashine ndiyo inayokata. Diski ikijaa, inakata. Inakata kwa uzito."

"Kwa uzito! Maneno ya baba yangu umeyakata kwa uzito, kama maini?"

Bi Kitambaa aliomba aoneshwe diski, akanyoosha mkono, lakini Dada Mkubwa aliukumbatia mkoba wake. "Sikupi. Ukazifute na hizi?" Mimi upande wangu nilikuwa nawaza viatu vyeupe, mlango wa nyuma, na ile sauti: Dada asijue kabisa. Ushahidi wote niliokuwa nao ulielekea upande mmoja. Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu kitini ili niseme.

"Na wala huwezi kukana," Dada Mkubwa alimalizia. "Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako. Nusu! Mmenipa nusu, mkaiandika kabisa kwamba ni nusu!"

"Nusu?"

"Nusu, na nyingine nusu."

Bi Kitambaa alikunja uso. Kisha akachukua kalamu yake nene, akaandika kitu nyuma ya bahasha, akanyoosha mkono kupitia pazia mpaka mezani kwangu.

"Msomi. Hii inasomwaje?"

Alikuwa ameandika 1/2.

"Nusu, mama," nilijibu upesi, kama niko mbele ya ubao.

Akaandika 2/2. "Na hii?"

"Nzima. Mbili ukigawa kwa mbili ni moja."

Akaketi. Akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Miaka sita naandika hivi," alisema. "Miaka sita. Moja ya mbili. Mbili ya mbili. Diski ya kwanza kati ya mbili, diski ya pili kati ya mbili! Mnasoma hesabu?"

Tulisoma hesabu. Nilijisikia vibaya kidogo, maana hata baada ya kuelezwa niliendelea kuona nusu.

Dada Mkubwa hakukubali upesi hivyo. Alisema hesabu hiyo tumeipanga sisi wawili tangu asubuhi. Kwa hiyo Mjomba Mizani akaitwa. Alifika jasho likimtiririka, viatu vikiwa na vumbi kwa mara ya kwanza.

"Uligawaje diski, Mjomba?" Bi Kitambaa alimwuliza.

"Vizuri kabisa. Ziko nne. Mbili zimeandikwa nusu, mbili zimeandikwa nzima. Nikasema, nusu na nusu ni nzima moja, hizo apewe mkubwa. Mdogo nikampa zile nzima."

"Na hukuona kwamba mmoja amepata nzima mbili?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Niliona. Nikasema moja ni ya akiba, mdogo wako hupoteza vitu." Alitutazama mmoja mmoja. "Halafu huyu mama mwenyewe alisema ni seti. Seti ni nini? Seti ya vikombe si vikombe vinavyofanana? Nikaweka vinavyofanana pamoja. Kosa langu liko wapi?"

Hakuna aliyeweza kumwonesha kosa lake liko wapi. Nilitarajia Dada Mkubwa afurahi, kwa sababu maneno yake hayakuwa yamepotea. Badala yake alisimama taratibu, akafunga zipu ya mkoba.

"Kwa hiyo anayo yeye. Tangu Jumatano. Ameyasikia maneno yangu, na amenyamaza."

"Labda hajui, mwanangu."

"Huyo anajua. Ataivunja. Akisikia kwamba naitaka, ataivunja." Mjomba Mizani akajitolea kwenda kubadilishana kwa niaba yao. "Wewe?" Dada Mkubwa alimwambia. "Wewe hata kadi ya mwaliko usinishikie."

Alipoondoka nilishindwa kujizuia. "Mama, yule mdogo alileta nini Alhamisi?"

Bi Kitambaa aliokota ile pete ya pazia iliyokatika. "Umeona viatu, Msomi, ukajaza mtu mzima ndani yake. Ungekuwa mpokea simu, ungevunja ndoa za mji mzima."

Niliona haya. Lakini pazia la stoo yake ya nyuma lilibaki limefungwa, na kitu kwenye shuka kilibaki nyuma yake, na shaka yangu ilibaki pale pale.

Binti mdogo alikuja kesho yake kuchukua mzigo wake. Safari hii niliona uso: alifanana na dada yake kama picha iliyopigwa mara mbili, ila huyu alikuwa fundi cherehani na alitembea na futi ya kitambaa shingoni. Bi Kitambaa alifungua shuka mezani kwangu, makusudi, nione. Ilikuwa deki. Deki kuukuu ya Mzee Mnada, iliyokuwa ikitafuna diski badala ya kuzisoma.

"Nimebadilisha mpira wa mlango na kusafisha jicho linalosoma diski," alisema. "Sasa inasoma. Kwa nini ulitaka siri?"

"Dada angesema nimemwibia baba. Nilitaka baba ajisikie mwenyewe. Hajasikia sauti yake tangu ilipoondoka."

Nilianza kuchapa kitu, sijui nini.

"Na diski zako zikoje?" Bi Kitambaa aliuliza, huku anafunga shuka upya.

"Hazina shida. Nilipewa nzima."

"Zinaanzaje?"

"Zinaanza tu. Baba anazungumza nami moja kwa moja, hata salamu hakuna." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Sikushangaa. Mimi ndiye niliyempinga. Lakini maneno yale, mama, maneno yale nimeyasikia mara kumi na moja. Ananiambia..."

Bi Kitambaa aliinua kiganja upesi kama askari wa barabarani. "Usiniambie. Nijibu hili moja. Anakutaja?"

"Anasema mwanangu."

"Mwanangu yupi?"

Vidole vya binti mdogo vikashika ncha ya futi. "Mwanangu," alisema tena, lakini safari hii ilikuwa kama anauliza.

Hapo Bi Kitambaa akamweleza. Alimweleza kuhusu kalamu yake, kuhusu nusu na nzima, kuhusu mjomba na vikombe. Mwishoni akamwambia jinsi diski za dada yake zinavyoishia: mwanangu wa kwanza, ile karatasi, nataka ujue kwamba mimi. Alisema kwa upole, lakini hakuruka neno.

Yule binti alikaa kwenye kiti changu cha wateja. Sikuona machozi. Niliona mtu anayerudia jambo kichwani tangu mwanzo, akilitazama kutoka upande mwingine, na kila akilitazama linakuwa si lake. Mara kumi na moja.

"Anataka kuninyang'anya," alisema hatimaye. "Karatasi alichukua yeye. Uamuzi alichukua yeye. Hili nalo?"

"Ni la kwake au si la kwake, mimi sijui. Sikutazama. Lakini dada yako haamini kwamba utaitoa diski yako, na wewe huamini kwamba atairudisha. Nileteeni mimi zote niziunganishe."

"Siiachi mkononi mwa mtu yeyote."

"Na yeye aliukumbatia mkoba wake, hakutaka hata nizishike."

Akabeba deki yake. Mlangoni akasimama, mgongo kwetu. "Jumamosi. Saa nne asubuhi, kwa baba. Nitaleta moja, alete moja. Mkono kwa mkono." Akashuka ngazi, kisha akarudi. "Na Mjomba asishike kitu."

Bi Kitambaa alimpelekea Dada Mkubwa ujumbe huo, na siku zilizobaki alifanya kazi akiwa amenuna. Ijumaa, video ya mahubiri ilikuwa inageuzwa, nikamsikia anawasha sauti. Kidogo tu. Kitambaa kilikuwa bado juu ya kioo, lakini alikuwa ameinamia spika, sikio moja, jicho limefumbwa, na kila mhubiri alipovuta pumzi aliandika namba kwenye karatasi.

"Unasikiliza, mama?" nilimwuliza.

"Sisikilizi maneno. Natafuta pumzi. Nikikata, nikate mtu anapopumua." Aliweka kalamu chini. "Nilikuwa nahesabu kwamba kutotazama ni heshima. Na mtoto wa watu amekaa wiki nzima hajui kama baba yake anamlaumu."

Jumamosi aliniomba nimsindikize, nimbebee waya. Nyumba ya Mzee Mnada ilikuwa na sebule ndefu yenye viti vya mbao visivyofanana, nadhani vyote vilibaki minadani. Deki ilikuwa pale, chini ya televisheni. Ililetwa Ijumaa mchana, wakati Dada Mkubwa yuko kazini. Diski haikuletwa nayo.

"Umeona?" Dada Mkubwa alituambia kabla hata ya salamu. Alikuwa amefika tangu saa mbili. "Chombo kaleta, maneno kaficha."

Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mkono karibu na dirisha, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka kwenye kovu, kibao mapajani. Mjomba Mizani alikuwa amekaa kwenye kona, mikono ameikalia, ili wote waone kwamba hashiki kitu.

Dada Mkubwa alikuwa amechoka kusubiri, akaweka diski yake na kuikimbiza mpaka mwisho. Kwenye kioo Mzee Mnada alivua kofia. Sauti ile nene ikajaa sebuleni, ikagonga vikombe kabatini. Mzee wa kwenye kiti aliinua kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kujisikia tangu sauti ilipoondoka. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza ndugu aliyesafiri. "Nataka ujue kwamba mimi..."

Dada Mkubwa akabonyeza kitufe, picha ikaganda. Mzee wa kwenye kioo alibaki amefungua mdomo. Wa kwenye kiti alikuwa ameufunga.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano. Ikawa saa nne. Bi Kitambaa alitoa kitambaa chake mkobani, akakikunja mara nne, akasimama. "Akifika nitakaa uani. Mkimaliza mniite."

"Huendi uani," Dada Mkubwa alisema bila kugeuka. "Ulikata hujatazama. Leo utatazama."

Bi Kitambaa akaketi. Kitambaa akakiweka mapajani, akakilaza kwa viganja.

Saa nne na dakika kumi. Mjomba Mizani akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Mimi nilikuwa nahesabu sababu zote zinazoweza kumzuia yule binti, na kila niliyoipata ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mzee akachukua chaki. Ilikwaruza taratibu. Akatugeuzia kibao: ATAKUJA.

Dada Mkubwa alikisoma, akatazama saa, akatazama mdomo uliofunguka kwenye kioo. Kisha akaondoa mkoba kwenye kiti cha karibu naye, alipokuwa ameuweka tangu asubuhi, akauweka chini.

Nje, geti likalia. Mjomba Mizani akashtuka.

"Kaa, Mjomba," Dada Mkubwa akasema, naye alikuwa ameshasimama. "Nitafungua mwenyewe."